Safari ya Pia ya Goti

Kazi yangu ni kuwarudishia nguvu wagonjwa waliopasuliwa goti. Kabla sijamwambia mgonjwa ainue mguu, napapasa kwanza pia ya goti lake. Ikiwa ipo na inateleza sawasawa, nina matumaini naye.

Kuna wakati mfupa huu ulidharauliwa. Mwaka 1937 mpasuaji wa Uingereza, Ralph Brooke, aliandika kwamba pia iliyovunjika ing'olewe yote, kwani goti halipungukiwi kitu. Wengi walimfuata. Mwaka 1971 Herbert Kaufer wa Marekani alipima magoti ya maiti, akaonyesha kinyume chake: pia huisukuma kano mbele, na hapo ndipo msuli wa paja unapopata nguvu ya kuunyoosha mguu. Ikiondolewa, msuli hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi.

Muda si mrefu yakaenea magoti bandia. Lile la John Insall na wenzake wa New York, la mwaka 1974, lilipachikwa plastiki nyuma ya pia. Miaka ya 1980 watengenezaji wakaitilia plastiki hiyo kitako cha chuma, ikabidi iwe nyembamba. Ikalika upesi, chuma kikasuguana na chuma, nyama za ndani zikageuka nyeusi.

Wapasuaji waliorudi kuyafungua magoti hayo walikuta taabu yenyewe. Pia ya mtu mzima ina unene wa milimita ishirini na kitu. Hapo lilikuwa limebaki ganda tu la mfupa, na plastiki mpya huhitaji takriban milimita 10 za mfupa ili ishike. Wengine walilichonga ganda na kuliacha hivyo. Arlen Hanssen wa Mayo Clinic, katika ripoti yake ya mwaka 2001, alieleza njia ninayoistahi kuliko zote: alishonea nyama laini kwenye ukingo wa ganda, likawa mfuko, akaujaza mfupa uliosagwa. Kisha ikaja pia bandia ya tantalamu, chuma chenye vinyweleo. Hiyo hufaa pale penye mfupa wa kuishika, lakini ikishonewa kwenye nyama tupu huachia.

Pale plastiki ya zamani ilipo imara na haijalika, kuiacha ni busara. Kung'oa pia yote ni jambo la mwisho kabisa.

Ndugu msomaji, kama mzazi wako anarudiwa upasuaji wa goti bandia, muulize daktari mapema: pia imebaki na unene gani, na ataifanyaje?