Kibodi za terminali

Kibodi ya terminali ni kibodi ya kituo kisichoendesha programu zake chenyewe: skrini, vitufe, na waya unaoelekea kwenye kompyuta kuu ya benki, kampuni ya bima, chuo kikuu au shirika la ndege. Vituo hivyo vilijaa maofisini tangu miaka ya 1970 hadi kompyuta za mezani zilipovingʼoa. Skrini nyingi ziliishia kuwa vyuma chakavu. Kibodi, kwa kuwa ni ndogo na ngumu, zilitiwa makashani na kufika kwenye maduka ya vifaa vilivyoondolewa ofisini, kama lile la WeirdStuff la Sunnyvale, California, lililofungwa mwaka 2018. Ndani ya kasha huonekana vioja, ingawa nyingi zilikuwa za kawaida kabisa pale zilipotoka. Kilichopotea ni mashine iliyozipa maana, na kuitambua kibodi ni kuirudishia mashine hiyo.

Utambuzi huanza kwa kuipindua. Kibodi za IBM za aina ya Model M, zilizoanza kutoka mwaka 1985, zina lebo ya karatasi mgongoni yenye namba ya sehemu, namba ya kibodi yenyewe na tarehe ya kutengenezwa. Namba 1391401 ni ile ya kompyuta ya mezani yenye vitufe 101, ambayo imeenea mno. Namba 1390876 ni ya terminali, yenye vitufe 122. Ukizipitia kwa haraka ni rahisi kuzichanganya, kwa hiyo zisomwe tarakimu moja moja.

Hii ya vitufe 122 inastahili kutazamwa kwa karibu. Juu ina safu mbili za vitufe vya kazi, F1 hadi F24. Kushoto kuna nguzo mbili za vitufe vitano vitano, vyenye maandishi kama Attn, CrSel na ErEOF. Maana yake hufunguka ukimkumbuka karani aliyekuwa akijaza fomu kwenye skrini ya mfumo wa IBM 3270. Herufi alizopiga hazikwenda kwenye kompyuta kuu moja moja. Zilikaa kwenye kituo mpaka fomu ikamilike, ndipo zikatumwa zote kwa mkupuo. ErEOF ilifuta kuanzia kiashiria kilipo hadi mwisho wa nafasi ile ya fomu. Kitufe kikubwa cha upande wa kulia, ambacho leo tunakiita Enter, kilishusha kiashiria kwenye mstari unaofuata tu. Enter ya kutuma fomu ilikuwa chini yake, mahali ilipo Ctrl ya kulia katika kibodi za sasa. Mpangilio wa vitufe ni kumbukumbu ya kazi, na hauna mfano wake katika lebo yoyote.

Baada ya lebo na mpangilio, inua kifuniko cha kitufe kimoja, taratibu, kwa waya uliokunjwa pande zote mbili. Ukikuta springi iliyosimama ndani ya tundu la duara, ni ile ya IBM, ambayo hupinda ghafla na kutoa mlio mkavu wa “ta!” kidole kinaposhuka. Shina lenye umbo la msalaba huelekeza kwenye swichi za Cherry MX. Tundu dogo la mstatili huelekeza kwenye swichi za Alps. Kibodi nyingi za Key Tronic zina vipande vya sponji vyenye utando wa metali. Sponji huoza kwa umri, na kibodi nzima ikaonekana imekufa ilhali inahitaji sponji mpya tu.

Plagi hudanganya kuliko sehemu nyingine yoyote. Plagi ya duara ya pini tano ilitumika kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 na ile ya AT ya 1984, lakini kibodi za mashine hizo mbili hutuma ishara tofauti. Zipo pia za terminali zenye pini tano zilizotawanyika kwa upana zaidi. Plagi ikikataa kuingia, isilazimishwe. Leo vipo vibadilishi vidogo vinavyotafsiri ishara hizo ziende kwenye USB.

Nje ya IBM, maandishi ya vitufe hutosha mara nyingi. Do, Help na Compose pamoja, juu ya kibodi nyembamba, ni LK201 ya kampuni ya DEC, iliyoeneza mpangilio wa mishale minne tunaoutumia hadi leo. Hyper, Super na Meta, pamoja na vitufe vyenye duara, pembetatu na mraba, ni vya Symbolics, waliotengeneza kompyuta za lugha ya Lisp. Hiyo ni adimu kwelikweli.

Uadimu huo umeleta uharibifu. Kuna wanaongʼoa vifuniko vya vitufe na kuviuza kimoja kimoja, na mwili unaobaki hauwezi tena kusomwa. Madhara mengine huja kwa nia njema: mtu huanza kwa kuosha vumbi, na wino wa lebo huondoka na maji. Lebo ipigwe picha kwanza, kisha safu za vitufe, kisha plagi kwa mbele, pini zote zikionekana. Ndipo kitambaa kiguse plastiki.