Karibu Njuka, Lakini Karibu Ipi?

Kila ufikapo mwezi Januari stendi za mabasi hujaa watoto wenye matranka, ndoo na magodoro. Ni wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza. Wengi wana fomu ya kujiunga na shule, na katika orodha ya vifaa mara nyingi jembe limo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shule haingoji hata hiyo siku ya tatu!

Mimi nilipokelewa hivyo katika shule moja ya bweni ya Kikatoliki. Asubuhi tulisomewa ratiba ya sala, zamu za usafi na kanuni. Usiku, taa zilipozimwa, wakubwa wakatusomea ratiba yao: njuka atafua mashati yao, atachota maji na kutandika vitanda vyao. Aliyekataa hakulala. Walimu walijua, wakasema ndivyo kijana anavyokomaa.

Laiti wangeikumbuka Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianza kazi Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakafungua misheni Bagamoyo. Wanafunzi wao wa mwanzo hawakuja na fomu wala ada. Wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wengine kwa kununuliwa, wakati soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwaandikisha. Walipewa jina la ubatizo, masomo, ufundi na kazi ya shamba.

Tusiwapambe mapadre kupita kiasi. Watoto wale hawakuulizwa wanataka dini gani, na jembe walilishika kweli kweli. Hata hivyo, shule ile ilianza kwa wazo moja kubwa: mtoto si mali ya mtu.

Baadaye mlango ulibadilika. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilitaifisha shule nyingi za misheni. Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere hadi mwaka 1955, ikawa shule ya umma, na Mwislamu na Mkristo wakaingia kwa mtihani mmoja. Leo shule za Kanisa ni nyingi tena, na mlango wa nyingi kati ya hizo ni usaili na ada.

Milango imebadilika, lakini usiku wa kwanza wa mgeni ni ule ule. Shule iliyozaliwa ili kumtoa mtoto utumwani haiwezi kumwacha awe mtumwa wa kaka yake wa kidato cha tatu, hata kwa wiki moja, hata kwa jina la mila.

Basi mzazi, utakapomfikisha mwanao, usikague kanisa na maabara tu. Uliza ni mwalimu gani anayelala karibu na bweni la wageni, na mtoto akionewa usiku wa manane amgongee nani mlango. Usiondoke kabla hujajibiwa.