Mirungi, Kifurushi na Mpelelezi Asiyeitwa

Sisi tuliosoma shule Tanzania zamani tulimjua mpelelezi binafsi vitabuni kabla hatujamwona kwa macho. Alikuwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetutokea mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale. Hakuwa askari wala hakutumwa na serikali. Hapa Minneapolis na Saint Paul watu wa kazi hiyo wapo, kwa leseni, na jimbo lina bodi ya kuwasimamia. Lakini Waswahili wenzangu wakilisikia jina hilo hudhani ni wa kufuatilia waume wa watu, au ni polisi aliyevua sare. Dhana hiyo imetugharimu, hasa katika kesi za majani.

Mirungi, ambayo Wakenya huiita miraa, iliandikwa kitaalamu na Peter Forsskål alipokuwa Yemen. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1775, yeye keshakufa. Miaka 200 baadaye, mwaka 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa iligundua kathinoni katika majani mabichi. Mwaka 1993 Marekani ikaitia kathinoni Jedwali la Kwanza, kapu moja na heroini. Sasa sikilizeni ajabu yake. Majani yakikaa baada ya kuchumwa, kathinoni hugeuka kathini, ambayo ni hafifu na imo Jedwali la Nne. Mimi ni mhandisi, nimeshughulika na vitu vingi vinavyoharibika kwa joto, lakini sikuwahi kuona kosa la jinai linalopungua uzito kwa kukosa jokofu! Kumbe tarehe ya kuchumwa, siku za njiani na namna polisi walivyouhifadhi mzigo ni mambo ya kuulizwa mapema.

Julai 2006 serikali kuu ilitangaza New York mashtaka dhidi ya watu 44, ikisema waliingiza zaidi ya tani 25 za majani hayo. Operesheni yenyewe ilipewa jina la Wasomali. Huku kwetu, Cedar-Riverside, ndiyo ikawa habari ya kila meza ya chai. Wengi tulishangaa kwamba kitu kinachouzwa sokoni Maua kama mchicha kinaweza kumfunga mtu miaka. (Watanzania tusijifanye wageni wa jambo hilo, kwetu mirungi ni marufuku.)

Baada ya hapo mzee mmoja ninayemfahamu aliombwa dukani na kijana ampokelee kifurushi. Aliambiwa ni chai. Tarishi alipoondoka, polisi wakagonga mlango. Mzee aliona aibu ya kesi kuliko kesi yenyewe, akakiri upesi ili yaishe. Hayakuisha. Kwa mgeni asiye raia, karibu kila hatia ya dawa za kulevya inaweza kumfukuzisha nchini, isipokuwa kupatikana mara moja na bangi ya kutumia mwenyewe isiyozidi gramu 30. Wakati ule wakili hakulazimika kumwonya. Mahakama Kuu ya Marekani iliweka wajibu huo mwaka 2010.

Na swali kubwa katika kesi kama ile ni moja: alijua? Mwaka 2015 Mahakama Kuu hiyo, katika kesi ya dawa za kutengenezwa zilizo binamu wa kathinoni, ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua anachoshika ni kitu kilichodhibitiwa na sheria, au alikijua kitu chenyewe. Kujua au kutojua hakupimwi maabara. Hutafutwa kwa miguu: nani alipiga simu, nani aliandika anuani, nani alikuwepo yakisemwa. Picha za kamera ya dukani hufutwa baada ya muda mfupi. Wakili ana kesi nyingi mezani. Mpelelezi ndiye wa kugonga milango.

"Pesa iko wapi?" mtaniuliza. Tangu mwaka 1964 sheria ya serikali kuu inamruhusu jaji kuidhinisha malipo ya mpelelezi kwa mshtakiwa asiye na uwezo, na wakili anaweza kuomba bila mwendesha mashtaka kusikia. Minnesota nayo ina sheria ya namna hiyo. Wengi wetu hatuombi kwa sababu hatujui kwamba kinaombwa.

Kazini nako kuna yake. Sheria ya Minnesota ya mwaka 1987 inakataza kukufukuza kwa kipimo cha kwanza cha awali peke yake. Lazima kiwepo cha kuthibitisha, maana kipimo cha awali huweza kuchanganya dawa ya mafua na amfetamini. Una siku 3 za kazi za kujieleza, na siku 5 za kuomba kipimo kirudiwe kwa gharama yako. Na likiwa ni kosa la kwanza, hufukuzwi kabla ya kupewa nafasi ya ushauri au matibabu. Nimeona wabeba boksi wakiaga siku ileile, wameinamisha vichwa. Bangi ilihalalishwa hapa Agosti 2023, lakini sheria ya uhamiaji haikuhama nayo. Asiye raia asidanganywe na mabango.

Yule mzee sasa yuko mbele ya jaji wa uhamiaji. Juzi nilimuuliza kama dukani kulikuwa na mtu mwingine. Akasema ndiyo, mwenye duka mwenyewe alisikia neno "chai". Alihamia Ohio miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyewahi kumuuliza.