Fedha Iliyovaliwa

Bangili tatu za dhahabu zilitoka Muscat zikafika Msambweni zikiwa zimeshonewa ndani ya upindo wa dera. Aliyelivaa dera hilo ni jirani yetu aliyekuwa anarudi likizo. Alivuka feri Likoni, akabanana na watu kwenye matatu, akafika kwetu magharibi.

Bibi hakuzipokea hivi hivi. Aliita majirani wawili, akatandika kanga, bangili zikahesabiwa mbele yao. Kisha akampigia simu khalati yangu, huko anakofanya kazi za nyumbani, azitaje moja moja kabla hajaonyeshwa. Mimi niliona aibu, ni kama tunamwita jirani mwizi. Bibi akasema, "Shahidi anamlinda yeye kabla hajatulinda sisi."

Kumbe desturi hii ni ya zamani. Lugha yenyewe inashuhudia: kwetu fedha ni madini, na fedha ni pesa. Karne ya 19, moja ya sarafu zilizotembea sana pwani hii ilikuwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki 1780. Alikufa, lakini sarafu yake ikaendelea kupigwa na mwaka uleule wa 1780, maana wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi waliizoea sura hiyo. Ilikuwa na gramu 28 hivi, zaidi ya asilimia 80 fedha tupu. Ilikuja na majahazi wakati wa kaskazi. Mpokeaji aliipima, akakagua hata lulu zilizochorwa kwenye pambo la malkia, ndipo akakubali.

Hakukuwa na benki ya kuiweka. Basi nyingi ziliishia kwa sonara, zikayeyushwa zikawa vikuku na mikufu. Sefu ilikuwa mguu wa mwanamke.

Rupia ya India nayo ikashika soko. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ikatoa rupia yake yenye jina la Mombasa. Rupia ilikuwa na fedha zaidi ya asilimia 90. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaleta florini, fedha nusu tu. Mwaka uliofuata ikaja shilingi, fedha robo. Leo shilingi haina hata chembe, na bado tunasema "sina fedha". Aliyekuwa amevaa kikuku, uzito wake haukupunguzwa na tangazo la serikali yoyote.

Bangili ya kwanza iliuzwa kwa sonara Mombasa, ikanilipia muhula chuoni. Ya pili ikawa mabati ya nyumba ya khalati. Ada ilipokwama tena, macho yangu yalikuwa kwenye ya tatu, mkononi mwa bibi. Akakataa. Nikanuna wiki nzima, halafu nikaacha chuo.

Siku zile niliona ni roho mbaya. Sasa naona nilichanganya vitu viwili. Mbili za kwanza khalati mwenyewe alisema ziuzwe. Ya tatu hakuisemea, kwa hiyo haikuwa ya bibi wala yangu. Ilikuwa amana. Khalati angali Muscat, na siku atakayoshuka, wale majirani wawili bado wanakumbuka walihesabu ngapi.