Mwaka 1781 Katika Daftari Letu

Kila Diwali sisi wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat hufungua daftari jipya. Lile la zamani hatulichomi, tunalihifadhi, maana deni halifi kwa kubadili karatasi. Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, naomba wanachama na majirani tufungue ukurasa wa mwaka mmoja tu: 1781.

Tarehe 13 Machi, katika mji wa Bath, Uingereza, mwanamuziki William Herschel aliigundua sayari ya Uranus. Tarehe 3 Aprili, siku ya Ramnavami, alizaliwa Ghanshyam katika kijiji cha Chhapaiya, karibu na Ayodhya. Huyo ndiye Swaminarayan, ambaye mafundisho yake yalienea Gujarat, na baadaye yakavuka bahari pamoja na wazee wetu. Tarehe 9 Juni, huko Wylam, alizaliwa George Stephenson, mwana wa mfanyakazi wa mgodi, aliyekuja kuwa mjenzi mashuhuri wa reli.

Lakini ukurasa huo una doa. Kuanzia tarehe 29 Novemba, mabaharia wa merikebu Zong waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130 wangali hai. Wenye merikebu wakadai fidia ya bima, kana kwamba waliopotea ni marobota.

Wakati huo Unyamwezi haikuwa nyika tupu. Watu wake walifanya biashara ya chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma, na mnamo mwaka 1800 misafara yao wenyewe ilikuwa ikifikisha pembe za ndovu pwani. Waliofungua njia ni wao. Waarabu na Wahindi waliwafuata. Musa Mzuri, mzaliwa wa Surat, alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa kwanza wa kigeni kukaa hapa Kazeh, Tabora ya leo. Kaniki kutoka India zilipanda bara kwa mabega ya wapagazi.

Na je, ukurasa wetu ni safi? La. Nyumba ya Jairam Shivji, mtu wa Kachchh, iliyokodi forodha ya Zanzibar, ilitoza ushuru wa pembe na wa watumwa pia. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwaacha huru watumwa waliomilikiwa na Wahindi wa Zanzibar. Walioandika "bidhaa" mahali pa "mtu" hawakuwa Liverpool peke yake.

Mwaka 1857 Burton na Speke walitembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh. Mwaka 1912 reli, kazi aliyoiendeleza yule mtoto wa Wylam, ilifika Tabora, na mzigo ukaanza kushuka mabegani mwa watu.

Wazee wetu walijenga maduka, shule na mahekalu. Tuwashukuru kwa haki. Lakini mizania ina pande mbili. Watoto wetu wafundishwe zote mbili, ili wanapomsalimu jirani Mnyamwezi wajue kwamba njia iliyotuleta hapa ilikanyagwa kwanza na babu zake.