Daftari Lililojaa: Taaluma ya Juujuu katika Elimu ya Awali

Mwaka 2016 Daphna Bassok na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha walimu wa chekechea wa Marekani wa mwaka 1998 na wale wa mwaka 2010. Mwaka 1998 walioona kwamba mtoto anapaswa kujifunza kusoma akiwa chekechea walikuwa asilimia 31; mwaka 2010 walifika asilimia 80. Katika miaka hiyo muda wa sanaa, muziki na michezo ya hiari ulipungua, na masomo yanayoongozwa na mwalimu yakaongezeka. Tangu hapo mjadala wa huko umezunguka swali moja: je, chekechea imezidisha taaluma? Swali hilo likiletwa Tanzania au Kenya jinsi lilivyo litatupotosha, kwa kuwa linachukulia kwamba kinachoendelea madarasani ni taaluma kweli. Makala haya yanadai kwamba chekechea zetu nyingi zina upungufu wa taaluma. Kilichojaa ni alama zake za nje: daftari, penseli, ubao, mtihani wa mwisho wa muhula, silabi zinazoitikiwa kwa pamoja, na kazi ya nyumbani kwa mtoto wa miaka minne. Kufikiri kwenyewe, yaani kuuliza, kupanga, kukisia, kusimulia na kutoa sababu, ndiko kulikokosa nafasi, na huko kufikiri mtoto wa umri huo hukufanya vyema zaidi akiwa anacheza na kuzungumza.

Tuitazame kazi ya kunakili, ambayo katika madarasa mengi ndiyo kazi kuu ya asubuhi. Mwalimu anaandika herufi moja juu ya ukurasa, na mtoto anatakiwa kuirudia hadi mstari wa mwisho. Mkono unaotakiwa kufanya hivyo bado unajengwa. Mifupa midogo minane ya kifundo cha mkono huwa gegedu tupu au karibu tupu mtoto anapozaliwa, kisha hugeuka mfupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, na wa mwisho huanza kugumu mtoto akiwa na umri wa miaka minane hivi au zaidi. Mtoto wa miaka minne mara nyingi huchoka kabla ya kufika nusu ya ukurasa. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba anaweza kuujaza ukurasa wote bila kujua herufi ile inasimamia sauti gani, kwa kuwa anachora umbo na basi. Kuitikia nako kuko hivyo hivyo. Mwalimu anagusa ubao kwa kijiti, darasa zima linaimba ba, be, bi, bo, bu, na aliyeketi nyuma anafuatisha midomo ya wenzake. Mgeni akisimama mlangoni husikia darasa linalojua. Ukimwita mtoto mmoja ukamwonyesha bu peke yake, bila kuanzia ba, mara nyingi atalazimika kuirudia safu yote kichwani ndipo aifikie.

Sasa weka pembeni mwa hayo mchezo wa mdako. Mchezaji hurusha kijiwe juu; kabla hakijatua, huchota vijiwe vilivyomo kishimoni, akakidaka kile cha juu. Akirusha tena huvirudisha vyote isipokuwa kimoja; raundi inayofuata hubakiza viwili, kisha vitatu. Mtoto wa miaka mitano bado hudondosha kijiwe mara kwa mara, lakini macho yake yanakadiria idadi kwa mtupo mmoja, anajua vimebaki vingapi, na wenzake wanamsimamia kwa ukali ambao mwalimu hana muda nao. Hiyo ni hesabu ya kutoa, pamoja na kumbukumbu, kujizuia na kufuata kanuni. Vivyo hivyo kitendawili: mtoto hupewa sifa za kitu bila jina lake, akaulizwa ni kitu gani, na ili ajibu ni lazima alinganishe, atupe majibu yasiyofaa na ajieleze. Nyimbo za watoto zenye vina humzoesha kusikia kwamba maneno mawili yanaishia kwa sauti ileile, na uwezo huo wa kuzitambua sauti ndani ya neno ni miongoni mwa mambo yanayobashiri vizuri zaidi kama mtoto atajua kusoma. Vyote hivi tunavyo mitaani na majumbani, na kila mtaala rasmi wa elimu ya awali wa nchi zetu unasifu michezo. Lakini mtoto akifika chekechea, mdako hubaki nje ya geti.

Ushahidi kuhusu matokeo ya njia hizi mbili unahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu kila upande huuvutia kwake. Huko Ypsilanti, Michigan, kuanzia mwaka 1967 watoto 68 wa familia maskini waligawiwa katika mitaala mitatu: mmoja wa kufundishwa moja kwa moja kwa maswali na majibu yaliyoandaliwa, na miwili iliyompa mtoto nafasi ya kuchagua na kupanga shughuli zake. Miaka ya mwanzo alama za makundi yote zilipanda kwa kiasi kinachokaribiana. Walipofikia umri wa miaka 23, asilimia 47 ya waliopitia mtaala wa kwanza walikuwa wamewahi kuhitaji matibabu ya matatizo ya kihisia, dhidi ya asilimia 6 ya wengine. Wakosoaji wanasema sampuli ni ndogo na kwamba waliofanya utafiti ndio walioubuni mmoja wa mitaala iliyoshindanishwa, na wana haki ya kusema hivyo. Utafiti wa Tennessee hauna udhaifu huo: Mark Lipsey, Dale Farran na Kelley Durkin waliwafuatilia watoto 2,990 walioomba nafasi katika chekechea za jimbo, baadhi wakapata kwa bahati nasibu na wengine wakakosa. Katika ripoti ya mwaka 2022, waliopata walikuwa na alama za chini na matatizo mengi zaidi ya nidhamu kuliko waliokosa, walipofika darasa la sita. Farran mwenyewe ameelekeza kidole kwenye siku ndefu za kukaa, kusikiliza na kudhibitiwa. Si lazima tukubaliane naye kuhusu chanzo ili tuone kwamba kumwingiza mtoto mapema darasani hakumpi faida kwa kuwahi tu.

Lakini ushahidi ulio karibu nasi zaidi umetoka pwani yetu wenyewe. Katika miaka ya 1980, Wakfu wa Aga Khan ukishirikiana na jamii za Waislamu wa Mombasa ulianzisha chekechea za madrasa, zikiongozwa na Bi Swafiya Said, kisha zikaenea Zanzibar na Uganda. Hazikuiacha Kurani wala hazikuacha herufi. Zilibadilisha mpangilio wa siku, mtoto akapata nafasi ya kuchagua na kucheza. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa huohuo waliofunzwa kazini, na vifaa vilikuwa vifuu, makombe, vizibo na mbegu. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walipolinganisha maendeleo ya watoto, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008, waligundua kwamba waliopitia chekechea yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, na kwamba wale wa chekechea za madrasa walipiga hatua kubwa zaidi. Matokeo haya yanawajibu watu wa aina mbili kwa mpigo: anayedhani kwamba afadhali mtoto abaki nyumbani hadi afikishe miaka saba, na anayedhani kwamba mtaala wa kuchagua na kucheza ni anasa ya nchi tajiri.

Pingamizi zito kuliko yote linatokana na Uwezo, tathmini ya kaya kwa kaya iliyofanywa Kenya, Tanzania na Uganda. Ripoti zake za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha kwamba chini ya theluthi moja ya watoto wa darasa la tatu waliweza kufaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili. Mtu akiyaona hayo ana haki ya kuuliza: inakuwaje tuzungumzie vizibo wakati mtoto wa miaka tisa hawezi kusoma aya moja? Jibu ni kwamba watoto hao hawakukosa kusoma kwa kuchelewa kuanza. Wengi wao walikuwa wameshaimba silabi kwa miaka kadhaa. Tena Kiswahili kina neema ambayo sera zetu haziitumii: karibu kila herufi ina sauti yake, na mtoto akishazikamata irabu tano na namna konsonanti zinavyozishika, anaweza kusoma neno asilowahi kuliona. Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine, katika utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha lugha 13 za Ulaya, walikuta watoto wa Finland, ambao huanza darasa la kwanza na miaka saba na ambao tahajia yao ni wazi kama yetu, wakisoma karibu bila kosa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, ilhali wa Kiingereza walikuwa nyuma mno ingawa walianza mapema. Hata kwa Kiingereza chenyewe, Sebastian Suggate alionyesha huko New Zealand kwamba walioanza kusoma wakiwa na miaka saba waliwafikia walioanza na mitano walipokaribia miaka 11. Haraka yetu ya kusomesha chekechea imeazimwa kutoka kwa lugha yenye tahajia ngumu, na shule nyingi zinazotoza karo zimeiazima pamoja na lugha yenyewe, hivyo mtoto anafunzwa kusoma maneno asiyoyazungumza. Mtoto huyo hata akilitamka neno sawasawa, maana hana.

Nasisitiza kwamba sidai herufi zifukuzwe chekechea. Kuna hoja ya haki inayosema kwamba mtoto wa daktari hukuta vitabu sebuleni, kwa hiyo akicheza tu shuleni hapungukiwi, ilhali mtoto wa mvuvi au wa mama ntilie hana pengine pa kuviona. Hoja hii ni ya kweli, na anayeipuuza anawatetea walionacho. Lakini anachokosa mtoto huyo ni kusomewa hadithi, kuulizwa anadhani nini kitafuata, kuona jina lake limeandikwa kwenye kikapu chake, na kumpata mtu mzima anayemsikiliza hadi amalize sentensi. Kurasa za a, a, a hazimpi hata kimoja kati ya hivyo. Kama lengo ni kuziba pengo kati ya watoto wa makabwela na wa matajiri, basi vitabu vya hadithi vya Kiswahili vije kabla ya madaftari, na mwalimu afunzwe kusoma kwa sauti na kuuliza kabla ya kufunzwa kusahihisha.

Idadi ya watoto ni kikwazo halisi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na ada zilipofutwa watoto walimiminika. Darasa la watoto mia na mwalimu mmoja si habari ngeni. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na hali ya madarasa na ya ajira za walimu imetofautiana kutoka kaunti hadi kaunti. Kuitikia kwa pamoja ni mbinu ya mwalimu aliyezidiwa, na kumlaumu yeye ni kumwonea. Hata hivyo watoto mia wanaogawanywa makundi, nusu wakiwa uwanjani na msaidizi mmoja kutoka kijijini, wanafundishika kuliko mia wanaoimba chumba kimoja. Huo ni unafuu wa muda, kwani bila walimu zaidi hakuna mtaala utakaosimama.

Kilichobaki ni wazazi, na hapa ndipo watetezi wa michezo hukosea kwa kudhani kwamba elimu kwa umma inatosha. Nchini Ghana, Sharon Wolf na wenzake walijaribu katika shule 240 za eneo la Accra mafunzo ya walimu yaliyohimiza ufundishaji kwa michezo. Watoto walinufaika. Lakini pale ambapo wazazi nao waliitwa mikutanoni na kuonyeshwa video zinazoeleza faida za michezo, manufaa yale yalififia. Mzazi huyo tusimwite mjinga. Analipa karo kwa taabu, na kitu pekee anachoweza kukikagua jioni ni daftari. Anajua pia kwamba shule ya msingi anayoitamani itamfanyia mwanawe usaili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inazizuia shule za umma kuwapa watoto mtihani wa kujiunga, isipokuwa kwa ajili ya kuwapanga katika darasa linalowafaa, na mwanya huo unatosha kupitisha lori. Maadamu mtoto wa miaka mitano anatakiwa asome katika usaili ili apate nafasi, chekechea itamnoa kwa ajili ya usaili huo, na hakuna semina itakayoibadilisha. Usaili huo ufutwe kabisa katika shule zote, za umma na za binafsi, na chekechea ipimwe kwa kipimo kingine. Mthibiti ubora wa shule akiingia darasani ayafunge madaftari, akae kwenye mkeka dakika 20, na ahesabu ni watoto wangapi waliosema sentensi nzima waliyoitunga wenyewe, na ni wangapi kati yao waliojibiwa.