Kitu cha Leta hakina mwenyewe: Mufwankolo na tele yenye tumesahau

Wandugu na wadada, niwaulize kitu. Tajeni programu tatu za televisheni ya taifa za wakati wa Zaire, na habari za saa mbili hazihesabiwi. Nilijaribu swali hilo kwa kikundi cha WhatsApp cha promosio yetu ya agronomi na majibu yalikuwa karibu sawa. Sura ya Mobutu ikishuka kutoka mawinguni mbele ya habari za jioni (lakini nilisema habari hazihesabiwi!). Ngumi za Ali na Foreman. Wenye wazazi wao walikaa Kinshasa wakataja Groupe Salongo, teatre ya Kilingala. Mmoja akaandika "Vitimbi", lakini hiyo ni ya Kenya, ndugu yangu.

Hakuna hata mmoja mwenye alitaja Mufwankolo. Na siye njo tunajisifu kwamba ni watu wa Kiswahili.

Mufwankolo lilikuwa jina la jukwaani la kiongozi wa kundi la teatre la Lubumbashi, na kundi lenyewe liliitwa kwa jina hilo. Walicheza kwa Kiswahili cha Shaba, kwanza kwa redio, kisha kwa televisheni pia. Mambo ya nyumbani na ya mtaani: bwana na bibi, shefu na watu wake, mjanja na mjinga. Mtu wa Uvira anaweza kusema Lubumbashi ni mbali. Ni mbali, ndiyo, lakini boti zinatoka hapa Kalundu zinafika Kalemie, na Kalemie wakati ule ilikuwa Shaba. Watu wetu wengi walienda huko kutafuta kazi. Mmoja wao ni mujomba wangu, mwenye leo anakaa Rugenge, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimwendea na swali.

"Mufwankolo? Ule mutu alikuwa anatuchekeshaka mpaka tunashika tumbo! Batu yote ya avenue banakuja ku nyumba yenye iko na tele. Benye kukosa kiti banasimama ku dirisha."

"Sawa mujomba, lakini alikuwa anasema nini? Unielezee hata hadisi moja."

Akafikiri sana. "Iko moja ya bwana na bibi yake... apana. Nimesahau. Lakini kucheka, tulicheka."

Jibu hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Mtu anakumbuka dirisha, anakumbuka viti, anakumbuka tumbo lake mwenyewe, lakini hadisi imekwenda. Na yeye ni shahidi. Akiondoka yeye, hata dirisha litakuwa limeondoka.

Sasa, kuna mchezo mmoja wa Mufwankolo wenye haukupotea, na hadisi ya ginsi ulibakia ni nzuri kuliko hadisi ya ginsi ingine ilipotea. Mwaka 1986, Johannes Fabian, mwanaantropolojia mzaliwa wa Ujerumani, alirudi Lubumbashi. Alikuwa amefundisha kwa chuo kikuu cha huko miaka ya 1970 na kundi la Mufwankolo alilijua. Siku moja mezani, juu ya firigisi ya kuku, akasikia methali kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier. Yaani madaraka hayagawanywi vipande, yanaliwa mazima. Akaenda kuuliza waigizaji maana yake. Wao hawakumpa jibu la darasani. Walisema: basi, hiyo njo itakuwa mchezo wetu wenye unafuata.

Fikirieni mwaka. 1986, Mobutu iko na miaka zaidi ya 20 kwa kiti, chama ni kimoja, na kundi la wachekeshaji linaamua kuzungumzia kwa televisheni ya Leta nani anakula madaraka na anayakula namna gani! Kwanza wakabishana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja na maana yake. Mtu anatoa wazo, wengine wanalipindua, wanapanga sehemu za mchezo, wanagawana kazi, wanajaribu. Hakuna mwenye aliandika maneno ya kusoma. Kila mmoja alijua anafika wapi, lakini njia ya kufika anaitafuta mdomoni mwake papo hapo. Wakaenda kuucheza kijijini Kawama, si mbali na Lubumbashi, kamera za televisheni zikarekodi.

Na muda huo wote Fabian alikuwa na kinasa sauti chake. Alirekodi mabishano, majaribio, mchezo wenyewe. Kisha maneno yakaandikwa, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande mwingine, na mwaka 1990 kikatoka kitabu Marekani, Power and Performance. Rafiki mmoja alinitumia kwa simu. Sikutegemea kitu, nilidhani ni zile nadharia za maprofesa (ziko, na si chache). Lakini ukifika kwa Kiswahili chao unasikia watu. Wanakatizana, wanarudia neno, mmoja anacheka kabla ya kumaliza sentensi. Nilisoma kwa sauti, na mdogo wangu akauliza ni nani niko naongea naye.

Basi kwa nini mchezo huo uko na mingine mujomba ameshindwa kunielezea hata mmoja?

Kuna wenye wanasema programu za zamani zilikufa sababu hazikuwa nzuri, kama zingekuwa nzuri watu wangezikumbuka. Mimi sikubali. Kwanza watu wanazikumbuka, wanakosa tu kitu cha kuonyesha. Pili, tuangalie wenye televisheni tajiri. BBC ya Uingereza ilifuta kaseti za Doctor Who, programu yenye ilipendwa nchi nzima, na mpaka leo epizodi nyingi za miaka ya 1960 hazina picha. Marekani, NASA, wenye walipeleka watu mwezini 1969, walipotafuta kaseti zao za kwanza za safari ile wakaishia kusema kwamba bila shaka zilifutwa zirekodiwe vitu vingine. Sababu ilikuwa ya duka tu: kaseti ilikuwa bei kali na ilirekodiwa tena na tena. Kama mwenye kuwa na pesa anafuta, mwenye kununua kaseti ng'ambo kwa pesa za kigeni angefanya nini? Na zile epizodi za Doctor Who zenye zilipotea, sauti zake zote ziko. Zilirekodiwa na watazamaji nyumbani, kwa vinasa sauti vyao. Si BBC.

Au tuchukue ngumi za Ali na Foreman, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Nchi ni ileile, utawala ni uleule. Filamu zenye Wamarekani walipiga wakati ule zilikaa miaka 22 mpaka ikatoka When We Were Kings mwaka 1996. Miaka 22 bila kufutwa! Sababu zilikuwa na mwenyewe, mtu mwenye alijua kwamba siku moja zitamletea kitu. Programu ya televisheni ya taifa ni ya sisi wote, na kwetu tunajua kitu cha Leta kinaishia wapi. Kwa agronomi tulifundishwa kwamba mbegu ya maharagi haihifadhiwi kwa kupendwa: mtu lazima aipande tena mbele haijakufa ndani ya gunia. Maharagi yenye kila mtu anasema ni matamu na hakuna mwenye anapanda, baada ya misimu kadhaa ni jina tu.

Kisha ongezeni mambo ya kwetu. Mwaka 1990 chama kimoja kikaisha, Septemba 1991 uporaji, Januari 1993 uporaji tena, pesa ikawa karatasi, wafanyakazi wa Leta wakakaa miezi bila mshahara. Mei 1997 Zaire ikawa Kongo, Shaba ikarudi Katanga, OZRT ikawa RTNC. Kila jina likibadilika kuna makabati yenye yanahamishwa, na kabati lenye kuhamishwa bila mtu mwenye anajua kilicho ndani, sihitaji kuwaelezea.

Na lugha. Hapa nasema kwa uchungu kidogo. Salongo walikuwa Kinshasa, picha zao zilienda mbali, na leo mtu wa Bukavu anawajua. Kiswahili cha Lubumbashi, sawa na chetu cha Uvira, kilihesabiwa ni cha kuchekea. Kwa shule tulifundishwa Kifaransa cha kuandika na Kiswahili "bora" cha kuimba. Kiswahili chenye mama anatumia kukugombeza hakuna mwenye aliona kinastahili daftari. Mchezo usioandikwa, kwa lugha yenye haiandikwi, juu ya kaseti yenye inafutika: ni ajabu kwamba hata mmoja ulipona.

Baada ya hapo skrini za Kinshasa zilijaa teatre za makanisa, mapepo, wachawi, mchungaji anashinda. Hizo pia tunazo kwa kitabu, cha Katrien Pype, Mbelgiji, cha 2012. Tena mgeni. Sina neno baya kwa hao wageni, walifanya kazi. Lakini sisi tuna idara za historia, za lugha, za mawasiliano, na kila mwaka memwari zinajaa kabati. Ngapi zimegusa programu moja ya tele yenye wazazi wetu waliangalia?

Msifikiri ni mambo ya kaseti tu. Vijana wa hapa Uvira wanapiga michezo ya kuchekesha kwa simu, Kiswahili chetu kabisa, mingine ni mizuri sana. Inakaa Facebook na kwa simu za watu. Akaunti ikifungwa, au simu ikiandika nafasi imejaa, imekwenda. Muliza mwenye alikuwa anachekesha mji huu mwaka 2015 kama video zake ziko wapi.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo kwa wanachama. Kila mwenye kuwa na mama mkubwa, baba mkubwa au mujomba mwenye alikuwa na tele, au alisimama ku dirisha la mwenye tele, achukue simu, arekodi dakika kumi: jina la programu, mwaka, lugha, nani alicheza, na hadisi moja kama iko. Mtume kwa katibu, si kwa kikundi, sababu kwa kikundi itapotea kati ya "asubuhi njema". Mimi mujomba wangu nimekwisha kupanga naye Jumapili. Nitakwenda na kile kitabu, nimsomee Mufwankolo kwa sauti, nione kama ile ya bwana na bibi yake itamrudia.